Mfupa Usioshikwa na Msuli

Jumanne, saa nane na robo mchana, ndipo mfupa ulipoingia mlangoni ukiwa umefungwa kwenye mtandio wa kijani, na sasa, katika chumba cha upasuaji, umo mikononi mwa daktari anayesomea upasuaji, mzima, mkubwa kama yai la bata lililominywa, unateleza kwenye glavu kama kipande cha sabuni, naye anausugua kwa brashi laini huku nesi akiumwagia maji ya chumvi, taratibu, asije akaukwangua ule utando wa gegedu unaong'aa, maana bila utando huo hata ukirudi mahali pake utakuwa jiwe ndani ya kiatu... chembe ya mchanga hapa, nyingine pale kwenye kale kamfereji ka chini, zote lazima zitoke, na nyuma yake Profesa ameuinamia mguu wa mgonjwa, anaosha lile pango ambamo mfupa huu ulikuwa umekaa miaka yote mpaka leo asubuhi, kabla mgonjwa huyu, fundi paa, hajateleza kwenye bati lililolowa na kutua kwa mguu mmoja, kifundo kikageuka, ngozi ikapasuka, mfupa ukaruka nje kama kokwa ya embe inayobanwa kwa vidole, na Profesa hajageuza hata shingo, amesema tu kwa ile sauti yake ya kuomba msumari, Maktaba, wewe ndiye umevisoma visa vyote, niambie, urudi au usirudi, kisha akaendelea kuosha. Ndiyo hivyo tu. Urudi au usirudi. Maktaba ndilo jina alilopewa humu tangu alipoanza kukusanya majeraha adimu na mifupa iliyooza kwa usaha, kisa kwa kisa, kutoka kila jarida alilolifikia, na hakulichukia, kwa sababu maktaba huulizwa lakini hailaumiwi, na Profesa mwenyewe akitoka nje huitwa Seremala wala hajui, au anajua... na yeye ana muda wa kuusafisha mfupa tu, ukishatakata atatakiwa ajibu, basi anasugua. Nesi anauliza kama afungue chupa nyingine. Fungua, fungua mbili. Mfupa wa ajabu huu, alipousoma mara ya kwanza chuoni alidhani mwalimu anawatania, hakuna msuli hata mmoja unaoushika, umekaa kati ya muundi na kisigino kama mgeni aliyeketi katikati ya kochi, anashikiliwa na mabega ya walio pembeni, na damu inaufikia kwa vijishipa vyembamba ambavyo leo vimekatika vyote, kwa hiyo ukirudishwa huenda ukashika, fundi akatembea kwa kifundo chake mwenyewe, au huenda ukafia mlemle ndani, ukaoza, usaha ukapanda kwenye muundi, mguu ukakatwa chini ya goti, na ukitupwa, hatari ya kuoza inapungua, ila muundi utakuja kuungwa moja kwa moja na kisigino, mguu uwe mfupi, kifundo kisikunjike, na juu ya paa hatapanda tena, na yeye kazi anayoijua ni ya juu ya paa... huenda, huenda, kila upande huenda. Daktari wa usingizi ananyoosha shingo juu ya pazia, anasema, "Dada, huo mfupa unauosha au unaubembeleza ulale? Wa kulala ni huyu wangu huku," na nesi anacheka ndani ya barakoa, chupa ikatikisika, maji yakamwagika nje ya beseni, Profesa akaguna. Samahani. Anaugeuza upande wa pili. Mdogo wake fundi, binti mwenye mikono iliyojaa vumbi la saruji, ndiye aliyeuleta, gari la wagonjwa lilikwisha ondoka alipouona kwenye mchanga kando ya ngazi, na mlangoni alikataa kumpa mlinzi, akakataa kumpa mtu wa mapokezi, akasema atampa daktari tu, na alipomwona yeye akamtazama juu mpaka chini, akauliza, wewe ni daktari kweli au unasoma, akamjibu vyote viwili, binti akafikiri kidogo, akaufungua mtandio kama anayemfunua mtoto mchanga, akasema, "Hiki ni chake, dada. Msikipoteze." Naye akasema hatutakipoteza, akakosea hapohapo, kwa sababu hakujua, bado hajui... visa vinasema nini, haya, sema, umevisoma. Vinasema wengi waliorudishiwa hawakuoza. Vina picha, mzee mmoja anachuchumaa, mwanamke mmoja amesimama kwa ncha za vidole kama anayechungulia dirishani, wote wazima, wote wanatabasamu, na ndilo lililomtia shaka wiki nyingi zilizopita, akalifungia kabatini kichwani kwa kuwa halikuwa na mgonjwa, kwamba nani huandika, huandika yule aliyefaulu, aliyeharibikiwa haiti mpiga picha, hakuna aliyetundika chungu kilichopasuka ukutani sebuleni, basi wale waliooza wako wapi, hawakuwapo au hawakuandikwa, na kama hawakuandikwa, Maktaba gani hii yenye rafu za harusi tupu bila hata rafu moja ya msiba... Mjomba hakuandikwa. Mjomba, kaka yake mama, alivunjika muundi kabla yeye hajazaliwa, akafungwa chuma, chuma kikaingia usaha, na miaka yote aliyoishi nao alikuwa na kitundu pale mbele ya mguu kinachofumba na kufumbuka kinavyotaka, mwenye kovu usidhani kapoa, walikuwa wakifungua madirisha wageni wakija, na siku moja wakiwa mezani kipande cha mfupa mfu kikatoka chenyewe, cheusi, chembamba kama njiti, Mjomba akakiweka kando ya sahani, akasema mpangaji amehama bila kuaga, watoto wakacheka, mama akaondoka mezani. Mama ndiye aliyemuuliza alipochagua kazi hii, mwanangu, kitu tulichokuwa tukikifungulia madirisha kitoke nyumbani, wewe umekwenda kukisomea? Akasema ni utafiti tu, mama. Lakini Mjomba hakulalamikia maumivu, wala harufu, alikuwa na lalamiko moja, alilirudia mpaka likawa kama salamu, kwamba yule aliyemfunga chuma hakurudi, alisubiri kwenye benchi la hospitali kliniki baada ya kliniki, akaambiwa yuko upasuaji, akaambiwa amehamishwa, akaambiwa kila kitu ila lile moja. "Angekuja tu akaniambia, bwana, limeniharibikia. Mimi ningemsamehe palepale, ningemwambia kaa tunywe chai"... Nesi anasema kitu. Anasema, dokta, chupa ya mwisho hii, nikalete nyingine? Hapana. Ngoja. Anauinua mfupa kwenye taa. Hauna chembe. Haukuwa na chembe tangu chupa iliyopita, labda tangu ile ya kabla yake, na mkono ulikuwa unasugua kwa sababu mkono unaosugua hauulizwi, hilo nalo lijulikane, si mfupa uliokuwa ukisafishwa bali yeye, alikuwa anatafuta sentensi safi, isiyo na alama za vidole vyake, visa vinaonyesha, tafiti zinaelekeza, na ukioza zioze tafiti, na akikatwa mguu wamkate waandishi wa majarida, walio mbali, wasiojua kama fundi huyu ana mdogo wake nje pale kwenye benchi... benchi, tena benchi... haya basi, tazama kilicho mkononi, si kilicho kwenye majarida. Mfupa ni mzima, haukuvunjika. Gegedu haijakwanguka. Mchanga ulikuwa juujuu, haukuzama. Vidole vya mguu bado vina joto, Profesa alisema mwenyewe, damu inafika. Na kuna lingine ambalo halihitaji jarida, ukitupwa leo haurudi kesho, lakini ukirudi leo, kesho ukianza kuharibika unaweza kutolewa, ilimradi pawepo mtu anayeutazama kila siku, asiyehama, asiyesema yuko upasuaji, aliye tayari kuliona doa la kwanza na kulitaja kwa jina lake. Kumbe hilo ndilo swali. Si kama mfupa utashika, hilo hakuna anayelijua, hata Seremala hajui, ndiyo maana ameuliza. Mashine inapiga mlio wake uleule. "Maktaba," anasema Profesa, bado hajageuka, na safari hii sauti si ya kuomba msumari, ni ya mtu mzima aliyechoka mgongo, "nakusikiliza." "Urudi," anasema. Profesa anauliza, "Visa vinasema hivyo?" Naye anajisikia akijibu, kwa sauti ndogo lakini yake, "Visa vinasema hivyo kwa wale walioandikwa, Profesa. Mimi ndiye ninayesema urudi," na hakuna kilichobadilika chumbani, taa ni ileile, maji yanadondoka kwenye beseni, mgonjwa analala, na Profesa bado ameuinamia mguu, anaosha, ila ameunyoosha mkono mmoja nyuma, kiganja wazi.

Asubuhi iliyofuata, kabla ya madaktari kupita wodini, alivuta kiti akakaa ubavuni mwa kitanda cha fundi, akangoja mpaka alipofumbua macho vizuri, akamwambia mfupa wake umo ndani, na kwamba aliyesema urudishwe ni yeye, si vitabu. Akamwambia huenda ukashika na huenda ukaoza, na ukioza atakiandika kisa chake vilevile, kwa ukamilifu uleule, akimruhusu. Fundi, midomo imemkauka, akauliza ni lini watajua. "Sijui, kaka," alisema, akalifunua shuka upande wa miguuni, akaanza kutazama.