Popo wa Chumba cha Simu

Alikuwa haoni tangu utotoni, na kazi yake ilikuwa kupokea simu za wateja wa kampuni ya maji. Programu ya kompyuta ilimsomea skrini kupitia vipokea sauti, kwa kasi ambayo wenzake walisema ni kama kuku wanaogombana. Asicheleweshwe, alikuwa ameiwekea iruke alama zote: nyota, mishale na vile vikatuni watu wanavyopachika kwenye maneno.

Meza ya jirani alikaa wifi yake, mke wa kaka yake. Yeye ndiye aliyempigania mpaka akaajiriwa.

Kwenye ukurasa wa ofisi watu walitaniana kutwa. "Leo kavaa viatu viwili tofauti," programu ilisoma. Nani huyo? Hakujua, ila chumba kizima kilicheka, naye akacheka nao.

Siku moja programu ikajisasisha, ikarudia mipangilio yake ya mwanzo. Ikasoma: "Popo kamwaga chai tena. Uso unaocheka hadi machozi."

Kikatuni cha popo, mnyama asemwaye haoni, kilikuwa kimewekwa mahali pa jina. Chai aliimwaga yeye.

Akarudi nyuma, ujumbe kwa ujumbe. Popo kavaa viatu viwili tofauti. Popo anajipodoa, sijui anajipodolea nani. Aliyemweka popo wa kwanza kabisa alikuwa wifi yake.

Hakulia. Aliendelea kuwasalimia kwa bashasha, moyoni anachemka.

Ijumaa meneja akaita kikao cha kumtangaza wifi kuwa msimamizi wao. "Tusomee pongezi za wenzako ukurasani," akamwambia. "Wewe ndiye ndugu yake."

"Kwa furaha, bosi." Akachomoa vipokea sauti, akapandisha sauti hadi mwisho. Pongezi zikasomwa, watu wakapiga makofi. Makofi yakaisha, lakini yeye akaendelea kushuka kwenye ujumbe wa zamani. Popo. Popo. Popo.

"Wifi, zima," wifi yake alimnong'oneza sikioni. "Ulikuwa utani tu."

"Tulia, wifi. Ujumbe wako bado haujasomwa."

Ukafika, popo wa kwanza kabisa, na programu ikataja jina la wifi.

"Popo ni nani?" meneja akauliza.

"Mimi, bosi."

Cheo hakikutangazwa. Jioni kaka yake akapiga simu, anafoka. "Umemuumbua mke wangu hadharani! Mngeshindwa kuyamaliza nyumbani?"

"Kwani yeye aliyaanzia nyumbani?"

Akakata simu, akajipakulia chakula. Alikimaliza chote, akaongeza.