Mtihani wa Ushuhuda

Murunga alikuwa wa kwanza katika hesabu na wa kwanza katika Kiingereza, lakini kwenye chuo cha walimu cha misheni, nje kidogo ya Eldoret, akili peke yake haikumpa mtu cheti. Kulikuwa na mtihani mwingine, nao ulikuwa ushuhuda. Kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho alisimama kanisani mbele ya wenzake na Mkuu wa chuo, akaeleza dhambi aliyokuwa akiitenda kabla ya kuokoka. Bila ushuhuda hakuna cheti, na bila cheti hakuna shule ya kufundisha. Murunga alikuwa ameahidiwa shule kule Moiben. Akishindwa, angerudi shambani kukamua ng'ombe wa mzungu kama baba yake.

Shida yake ni kwamba hakuwa na dhambi ya maana. Lawama zote alizitupa kwa mama yake, Mama Selpha, kiongozi wa akina mama wa kanisa la Kiplombe, aliyemlea kwa sala asubuhi, sala jioni, na fimbo katikati. Mtoto wa namna hiyo angepata wapi nafasi ya kupotea? Aliposimama mara ya kwanza, alikiri kwamba aliwahi kusinzia wakati wa mahubiri. Mkuu, mzungu mrefu aliyeitwa Bwana Prescott, alimtazama kwa huruma.

"Hiyo si dhambi," alisema. "Rudi, tafuta ndani ya moyo. Jumapili ijayo lete ingine."

Jioni hiyo Murunga alimwendea rafiki yake Kipyego, ambaye ushuhuda wake ulikuwa umemliza Mkuu mpaka akatoa leso. Kipyego alikuwa ameeleza jinsi alivyolewa busaa akampiga mjomba wake kwa rungu.

"Kwani ulimpiga kweli?" Murunga aliuliza.

"Nimpige nani? Mimi sina mjomba." Kipyego aliendelea kupaka viatu vyake rangi. "Wewe umechelewa tu. Shitanda amechukua uchawi. Walubengo amechukua wanawake, na amechukua wote. Sasa imebaki wizi."

"Niibe nini?"

"Ng'ombe. Lakini iba ya mtu hayuko, kwa sababu huyu Mkuu atataka kukupeleka uombe msamaha."

Hapo Murunga akakumbuka kaburu mmoja aliyekuwa na shamba karibu na Plateau, ambaye baba yake alimfanyia kazi zamani. Kaburu huyo alikuwa ameuza kila kitu akarudi kwao Afrika Kusini. Wakachagua ndama. Kipyego akaongeza kwamba ndama huyo alichinjwa mtoni na nyama ikaliwa na wahuni, maana wizi usio na wahuni haukuwa na ladha.

Jumapili Murunga alisimama akaiba yule ndama mbele ya kanisa zima. Katikati ya maneno aibu ilimshika, machozi yakamtoka kwelikweli, naye Mkuu akayahesabu kuwa ya toba. Alifaulu vizuri kuliko wote, hata Kipyego akanuna kidogo.

Jambo ambalo hakulifikiria ni siku ya kutoa vyeti. Alikuwa amezoea mambo ya chuo kubaki chuoni. Siku hiyo wazazi walikuja, na Mama Selpha alitembea kwa miguu kutoka Kiplombe pamoja na akina mama wa kanisa lake, akaketi mbele kabisa, akitabasamu kabla hata ya mtu yeyote kusema kitu.

Mkuu alimwita Murunga mbele, akamshika bega, akawageukia wazazi.

"Kijana hii," alisema kwa Kiswahili chake, "ilikuwa mwizi ya ng'ombe. Mwizi mbaya sana. Leo ni mwalimu."

Wazazi wakapiga makofi. Mama Selpha hakupiga. Alisimama taratibu.

"Bwana Mkuu, unisamehe. Huyo ni mtoto yangu. Hajaiba hata yai."

Mkuu hakukasirika. Alikuwa ameshamnyooshea Murunga cheti, na sasa wote wawili walikuwa wamekishika, mmoja huku na mwingine kule.

"Mama, mzazi hajui yote," alisema kwa upole. "Murunga, ambia mama yako ukweli."

Nyuma, Kipyego alikohoa. Benchi lote la wanafunzi lilijua ukweli, na kila mmoja alikuwa na uongo wake wa kuulinda. Murunga alimwona mama yake akimtazama bila wasiwasi hata kidogo, kama mtu anayengoja jibu analolijua. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Lakini akaiona Moiben, na nyuma ya Moiben akaziona ndoo za maziwa.

"Niliiba, mama," alisema.

Mkuu akakiachia cheti. Murunga alijichukia pale pale, na bado alikishika kwa mikono miwili.

Mama Selpha hakuketi. Aliwageukia akina mama wenzake aliokuja nao.

"Basi na mimi mnisamehe," alisema, sauti ikimtetemeka. "Miaka yote hii nimewaongoza kwa sala, kumbe kwangu nyumbani nilikuwa nalea mwizi. Tafuteni mwingine wa kuwaongoza."

Bwana Prescott akafumba macho kwa furaha. Alisema tangu aje nchi hii hajawahi kusikia ushuhuda mzuri kama huo.