Onodera wa Bi Nasreen

Nasreen alifundisha wageni Kiswahili kwenye chumba cha ghorofani, Mtaa wa Swahili, Kariakoo. Msimu huu klabu ya Gerezani Stars ilimletea wachezaji wapya watatu. Everaldo, mshambuliaji kutoka Brazili, alikuja mara moja tu. Sura yake ilikuwa imebandikwa hadi kwenye matangazo ya rangi za nyumba, akaona hana haja ya kuhangaika na ngeli. Kwabena wa Ghana naye alitajwa kila kijiwe, akaacha kuja darasani. Aliyebaki ni Onodera, beki wa kushoto kutoka Japani, ambaye jezi yake haikuulizwa na mtu. Mtaani walimwita "yule Mchina," basi.

Jumamosi Stars walikutana na mahasimu wao. Nasreen alienda kutazama kwenye kijiwe cha kahawa cha Haruna, akajibana kwenye benchi kando ya Marcelino, mbeba mizigo wa bandarini na shabiki asiyekosa mechi.

"Huyu Mchina wametuletea wa nini?" Marcelino alilalama.

"Mjapani. Anaitwa Onodera."

"Haya, Mjapani. Goli hana, mbwembwe hana."

Zikiwa zimebaki dakika chache, timu hazijafungana, Onodera alipanda na mpira kutoka nyuma, akawapita wawili, akamtengea Everaldo. Goli. Kijiwe kizima kilisimama, kahawa zikamwagika, watu wakaimba Everaldo, Everaldo. Nasreen peke yake alipiga kelele jina jingine.

Mechi ilipokwisha, Everaldo alipita mbele ya kamera akipunga mkono tu. Mtangazaji akamfuata Onodera, akaanza na Kiingereza.

"Kiswahili tu, kaka," Onodera akamkatiza.

Vichwa vyote kijiweni vikageukia televisheni. Nasreen alijikuta ameukamata mkono wa Marcelino.

"Mechi ilikuwa ngumu. Wenzetu walitubana sana. Lakini mashabiki hawakukaa chini, na sisi tukaona aibu kuchoka."

Hilo la aibu Nasreen hakumfundisha. Onodera alikuwa amelitunga mwenyewe, palepale, jasho likimtiririka. Nasreen alitamani kuruka.

"Sasa miguu wangu..." Onodera akasita. Nasreen akafumba macho. "Miguu yangu inauma. Mwalimu wangu, Bi Nasreen wa Kariakoo, angenisema."

Vicheko na makofi vilitikisa mabati. Marcelino akamgeukia Nasreen polepole. "Bi Nasreen si wewe?"

"Ni mimi."

"Haruna, mpe mwalimu kahawa. Na haluwa."

Kesho yake wachapaji wa jezi pale Msimbazi waliishiwa herufi O, maana kila mteja alitaka Onodera, hata wale waliokuja kumtafuta Everaldo.

Jumatatu, Nasreen alipofika kufungua darasa, alimkuta Everaldo amekaa kwenye ngazi, daftari jipya mapajani.

"Shikamoo, mwalimu. Mimi nataka kupita Onodera."

"Marahaba," Nasreen alijibu, akijikaza asicheke. "Basi itabidi ukimbie, mwanangu. Mwenzako yuko mbali."