Faili la Majaribio

Mama yangu anauza wachumba. Si mimi ninayesema, ni yeye mwenyewe, tena kwa fahari, kama jirani yetu wa ghorofa ya chini anavyosema anauza magodoro. Unapanda ngazi, unalipa ada, unaulizwa maswali ambayo hata daktari angeona haya kuyauliza, unapigwa picha, kisha unarudi kwako kungoja simu. Wengine huoana. Wengine hungoja mpaka ile picha inafanana na mtoto wao, kama wangempata.

Mwaka huu mchwa waliingia kwenye kabati la mafaili wakatafuna wajane wote. Mama hakupiga kelele. Alisema tu, "Sasa tunahamia kwenye wingu." Yaani taarifa zetu zikae kwenye kompyuta za kampuni fulani huko mbali, sisi tuzifungue kwa intaneti na kulipa kila mwezi. Zikaitwa kampuni mbili zije zijinadi. Ila ili zijaribiwe, lilihitajika faili la mtu wa kweli.

"Wateja wangu siwezi kuwaanika," mama alisema. "Tumieni la mdogo wangu. Huyo wa nyumbani, hatatushtaki."

Mama mdogo alikuwa palepale mezani kwake. Yeye ndiye huwahoji wateja. Faili hilo mama alimfungulia zamani bila kumwuliza, na ndani yake mlikuwa na sababu za kila mwanamume aliyeletwa akamkataa.

"Dada, lile si ulifute tu," alisema. "Nina mtu wangu sasa."

Tulijua. Mhasibu wa hospitali, mpole, anayekunja risiti za chai na kuzitia mfukoni. Mwisho wa mwezi angekuja kujitambulisha nyumbani, na gauni la siku hiyo lilishashonwa, linaning'inia nyuma ya mlango wake.

"Litafutwa tukishachagua kampuni," mama alijibu. "Kwani kujaribu maana yake nini?"

Wa kwanza kuja tulimpa jina la Bwana Tai, maana tai yake ilipita mkanda ikaendelea na safari. Akawasha projekta. Uso wa mama mdogo ukaenea ukutani kutoka dirishani hadi kwenye swichi ya taa.

"Angalieni kasi," alisema, akafungua maoni na kuyasoma kwa sauti ya mtangazaji wa mpira. "'Anacheka kama anapiga chafya.' 'Ana maswali mengi.' 'Nilikwenda kumwona yeye, nikampenda aliyeniletea maji.'"

Aliyeleta maji alikuwa mama. Aliyeyanywa alikuwa baba yangu wa kambo, naye alikuwepo, amekaa pembeni anamenya karanga.

"Hayo yangu," alisema, akainua kidole kama mwanafunzi anayeitwa jina.

Tulicheka mpaka projekta ikatikisika. Mama mdogo naye akajilazimisha kucheka, na kusema kweli, ilikuwa chafya kabisa.

Alipoipata pumzi akauliza, "Na mtu akitaka faili lake lifutwe?"

"Kwetu hakipotei kitu, mama," Bwana Tai alimwambia, kifua mbele. "Ufute leo, ufute kesho, nakala ipo. Hata sisi wenyewe hatuwezi kuiondoa."

Mama akatabasamu kama aliyeonjeshwa asali.

Kesho yake akaja msichana wa miwani, mwakilishi wa kampuni ya pili. Picha ilipotokea tu, akaifunika bila kuambiwa.

"Huyu amekubali kuonyeshwa?"

"Ni mdogo wangu," mama alisema.

"Sikuuliza hivyo, mama."

Akaeleza kwao mambo yanavyokwenda: mwenye taarifa akisema zifutwe, zinafutwa pamoja na nakala zake, na anapewa uthibitisho. Bei yao pia ilikuwa chini. Mama mdogo alimsikiliza kama mgonjwa anayesomewa majibu ya vipimo.

Msichana alipoondoka, mama akamgeukia mdogo wake kwa upole ambao mimi ninaufahamu na huwa ninaukimbia.

"Wewe ndiye utakayeutumia mfumo kila siku. Chagua."

"Huyu wa leo. Ni nafuu, na anaelewa kazi yetu."

"Na anafuta."

"Na anafuta, dada."

Mama akatikisa kichwa taratibu, kisha akanitazama mimi. "Mpigie wa tai."

"Umeniambia nichague."

"Na umechagua. Nimeona unachokitaka."

Mkataba ukasainiwa. Bwana Tai akaomba kitu kidogo: lile faili lilivutia watu, je, angeweza kulitumia kuonyesha huduma kwenye ofisi nyingine? Mama akamwachia, kwa sharti la kupewa miezi miwili ya bure. Akalizungusha mjini, kampuni ya bima, chuo cha udereva, hadi siku moja akalifungua kwenye ukumbi wa mikutano wa hospitali, mbele ya watu wa uhasibu.

Hatukuambiwa na mtu. Mhasibu alipanda ngazi mwenyewe, asubuhi moja ya wiki ileile aliyoahidi kuja nyumbani. Mama mdogo akasimama, akajinyoosha sketi.

"Nimeuona mfumo wenu," alisema mhasibu, akiitazama kalenda badala ya kumtazama yeye. "Ni mzuri sana. Nimekuja kujiandikisha."

Sauti ya mama ikatoka chumba cha ndani: "Mpunguzie ada. Nusura awe shemeji."

Baba wa kambo akapaliwa na karanga. Mimi nikauma mkono wa shati.

Mama mdogo akaketi, akafungua faili jipya. Akamwuliza umri, kana kwamba haujui. Akamwuliza kazi. Akamwuliza anaishi wapi, akaandika kabla hajajibiwa.

"Umewahi kuwa na mchumba?"

Mhasibu akafikiri kidogo.

"Hapana."

Akaandika hapana, akachukua kamera, akamwomba ainue kidevu ili picha itoke vizuri.