Nywele za Kununulia Nyumba

Ukitaka kujua mtaa unakwenda wapi, tazama kahawa. Siku kahawa ilipoanza kuuzwa na povu pale Grey Lynn, kikombe kimoja kwa bei ya mkate na siagi yake, Ligi Makani alimwambia binti yake kwamba sasa wakae chonjo. Valeti alicheka. Miaka miwili baadaye hakuna aliyecheka. Kodi ya nyumba yao ya mbao ilikuwa imepanda mara tatu, na majirani waliotoka nao kisiwa cha Niue, watu wa kuazimana chumvi juu ya ua, walikuwa wamehamia Mangere na Otara, pembezoni mwa jiji, mmoja baada ya mwingine. Mataro yao, yale magimbi ya kwao, yaling'olewa, yakapandwa maua yasiyoliwa. Wageni walisema mtaa umetengenea. Ni kweli ulitengenea, ila si kwa ajili ya waliokuwamo.

Ligi alikuwa ameishi katika nyumba ile tangu alipokuwa bibi harusi. Alifiwa na mume humo, akamlea Valeti humo, na kiwanda alichoshonea sare za shule kilikuwa mwendo wa miguu tu. Mwenye nyumba wa zamani, mzee Ante Marusich, hakupandisha kodi hata mara moja bila kuja kwanza kunywa chai na kuona haya. Alipokufa, nyumba ikamwangukia mwanawe Darryl, ambaye hakunywa chai wala hakuona haya.

Mwezi wa tisa Darryl akaja, akasimama uani, mikono mfukoni.

"Ligi, nauza. Nataka laki mbili. Mwisho wa mwezi ujao dalali anasimamisha kibao."

"Niuzie mimi."

Darryl akamtazama kandambili zake, kisha akacheka. Hakucheka kwa ubaya, lakini alicheka.

"Haya. Niletee arubuni, dola elfu ishirini, kabla kibao hakijasimama, nyumba yako kwa hiyo hiyo laki mbili. Hekesi, wewe shahidi."

Hekesi, kaka yake Ligi, alikuwa juu ya ngazi anaziba mfereji wa paa uliokuwa ukivuja.

"Nimesikia," akasema. "Na huku juu nasikia vizuri zaidi. Ukiuza na huu mfereji, useme na nani kauziba."

Meneja wa benki naye hakuwa mtu mbaya. Alisema mshahara wa Ligi na wa Valeti, ambaye alikuwa karani katika ofisi ya kodi za serikali, ukiunganishwa unatosha kukopeshwa, lakini arubuni lazima iwe yao wenyewe. Walichokuwa nacho ni elfu sita, akiba ya kujinyima nyama na kuvaa koti moja miaka nenda miaka rudi.

"Mama, tuhamie Mangere," Valeti akasema walipotoka. "Wenzetu wote wako huko."

"Wenzetu wote wako huko kwa sababu kila mmoja aliambiwa wenzake wote wako huko. Mimi sihami. Nikihama hapa nitakufa kwa hasira, na mazishi ni gharama."

Alisema hivyo kwa mdomo. Moyoni alikuwa na hofu, kwa sababu elfu kumi na nne hazishonwi kwa cherehani katika mwezi mmoja na nusu.

Kwa watu wa Niue, mvulana haguswi nywele mpaka apevuke. Siku yake ikifika, nywele hufungwa vishungi kwa utepe, kila ndugu akaitwa kwa jina, akakata kishungi kimoja na kuweka bahasha ya fedha. Leo kwako, kesho kwangu, na hakuna anayesahau nani aliweka nini. Ligi alikuwa amewakata wavulana wa watu tangu ujana wake, na kila mara aliweka bahasha nene kuliko uwezo wake. Ila hakujaliwa mtoto wa kiume. Binti naye ana sherehe yake, ya kutogwa masikio, na bahasha ni zile zile; lakini Valeti, alipokuwa na miaka kumi na mitatu, alikwenda na wenziwe wa shule duka moja la Barabara ya Karangahape, akatogwa kwa bei ya chipsi, akarudi nyumbani na vipuli vya plastiki. Siku hiyo Ligi alilia kama mwenye msiba. Mtu wa kutoa tu, asiyewahi kupokea, na mlango wa mwisho wa kupokelea binti yake kaufunga kwa vipuli vya plastiki.

Jioni moja Ligi alikuwa kitandani anachana nywele. Zilikuwa zimefika kiunoni, nyeusi zenye mvi za kutosha kuheshimiwa, na tangu ashuke meli iliyomleta kutoka Niue hazikuwahi kuguswa na mkasi. Akasita, kitana mkononi. Kisha akaita kwa sauti iliyomtoa Valeti bafuni mbio.

"Nipigie simu kwa mjomba wako."

Hekesi alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza, "Dada, umekunywa nini?"

"Chai."

"Mwanamke hakatwi nywele! Tena mwanamke wa umri wako!"

"Nani kasema? Nionyeshe andiko."

Hekesi alitafuta andiko kichwani, hakulipata. "Watu watatucheka," akasema.

"Wacheke, mradi waje na bahasha."

Walicheka kweli, na habari ilifika Otara kabla ya Jumapili. Mlangoni mwa kanisa alikuwa akingojewa na Mama Tofua, mke wa mchungaji, mwanamke mnene wa mwili na wa sauti.

"Ligi wee! Nasikia umegeuka mvulana uzeeni?"

"Ndiyo, Mama Tofua. Nimechelewa kupevuka."

"Huoni haya?"

"Haya ninayo. Kodi ndiyo haina haya." Ligi akamsogelea, na watu wakasogea naye. "Vijana wako wanne wote nimewakata nywele. Wa tatu alikuwa na upele kichwa kizima, kila mtu anakwepa, mimi nikashika nikakata. Kuna siku niliuliza nitarudishiwa lini? Sasa nauliza."

Mtu mmoja nyuma akapasuka kwa kicheko, wakafuata wengine. Mama Tofua alijaribu kukaza uso, midomo ikamsaliti. Akaingia kanisani, mabega yanatikisika kwa kicheko.

Jumamosi ya mwisho ya Oktoba turubai lilifunika ua wote. Hekesi alileta nguruwe, shemeji zake wakaleta makatoni ya nyama ya kopo na samaki, na oveni za nyumba tatu zilioka takihi, magimbi na mapapai yaliyopangwa katika tui, tangu alfajiri, mpaka harufu ya tui na taro ikaifukuza ile ya kahawa mtaa mzima. Waliohama wakarudi. Walikuja kwa magari yaliyojaa watoto, wakaegesha mbele ya milango iliyopakwa rangi upya, wakapita wakionyeshana: hapa ndipo nilipozaliwa, pale ndipo nilipovunja dirisha. Kijana mmoja wa kahawa za povu alichungulia juu ya ua kuuliza kuna nini. Akavutwa ndani, akapewa sahani.

Ligi alikaa kwenye kiti katikati ya mkeka, vishungi vyake vimefungwa utepe mwekundu. Hekesi alishika kipaza sauti na kuita majina. Wa kwanza alikuwa Mama Tofua. Alikuja kwa maringo, akachagua kishungi cha mbele kabisa, akakata, na bahasha aliyoiweka ilikuwa imevimba.

"Ya yule wa upele," akamnong'oneza Ligi sikioni.

Wakafuata vijana aliowakata zamani, sasa wanaume wenye vitambi, madereva, walimu, mmoja polisi. Vilitama, jitu la kubeba mizigo bandarini, alishika mkasi kama anashika kifaranga, akalia waziwazi. Kila kishungi kilipoanguka Ligi alihisi kichwa kinakuwa chepesi na roho inakuwa nzito. Je, fedha zisipotosha? Atabaki hana nyumba wala nywele.

Vishungi vilikuwa vimebaki vichache Darryl alipotokea getini. Alikuja na dalali, kijana wa viatu vinavyong'aa, kibao cha KUUZWA kwapani.

"Darryl Marusich!" Hekesi akaita kwa kipaza sauti. "Njoo ukate!"

Hapakuwa na pa kukimbilia. Akina mama walimsukuma mpaka mkekani, mkasi ukawa mkononi mwake, na watu zaidi ya mia mbili wakawa wanamtazama. Kwa uso mwekundu akatoa noti ya dola hamsini kutoka pochi.

"Kabla hujakata," Hekesi akasema, "waambie watu. Bei ni ile ile?"

Dalali alimvuta shati. "Usijibu," akamwambia, na kipaza sauti kikalisambaza hilo ua mzima. "Mtaa huu nakupatia laki mbili na nusu nikiwa nimelala."

Hata watoto waliacha kutafuna. Darryl alikuwa amekwisha shika kishungi, na Ligi, kichwa kimeinama, alihisi kinavutwa, kisha kinalegezwa. Hakugeuka kumtazama.

"Darryl," akasema, "nakujua tangu unavaa kaptura na kamasi zinakutoka. Kata, au weka mkasi chini uniambie umebadili neno. Lakini fanya upesi, shingo inaniuma."

Kicheko kilianzia kwa Mama Tofua kikazunguka turubai lote. Darryl akacheka pia, bila kupenda, kama mtu aliyetekenywa.

"Ile ile," akasema. "Laki mbili."

"Hatukusikia!" wakapiga kelele walioko nyuma.

"ILE ILE!" Akakata. Dalali akatoka na kibao chake, na getini akakabidhiwa takihi katika karatasi ya foili, kwa sababu mgeni hatoki mikono mitupu.

Kishungi cha mwisho kilikuwa cha Valeti. Alipiga magoti nyuma ya mama yake, machozi yanamtoka, mkasi haumtii.

"Mama, laiti ningekungoja wewe unitoge masikio..."

"Kata, mwanangu. Watu wana njaa."

Akakata. Hekesi na mzee wa kanisa walikuwa mezani na bahasha, midomo inacheza kwa kuhesabu. Hekesi akasimama. Akachukua kipaza sauti.

"Arubuni imetimia," akasema. "Na imebaki ya kununulia mfereji mpya."

Ua ule ulilipuka. Walimnyanyua Ligi na kiti chake, wakamzungusha mtaa mzima wakiimba, mpaka mbele ya duka la kahawa, na wanywaji wakatoka nje wakapiga makofi bila kujua wanampigia nani. Ligi alipunga mkono kwa wote, nywele zimemsimama kama manyoya ya kifaranga aliyelowa, na katika maisha yake yote hakuwahi kujiona mzuri kama siku ile.

Karatasi zilitiwa saini kabla ya Krismasi. Siku chache baadaye Darryl alikuja kuchukua zana za baba yake zilizobaki bandani. Alifungua mlango wa mbele kwa ufunguo wake, kama alivyozoea, akapita ukumbini moja kwa moja mpaka jikoni.

"Ligi, nimekuja kuchu—"

"Toka nje."

"Nini?"

"Ufunguo weka mezani. Kisha toka nje, ufunge mlango, upige hodi."

Darryl akatabasamu, akidhani ni mzaha. Ligi hakutabasamu. Akaweka ufunguo mezani, akarudi ukumbini polepole, mlango ukafungwa. Ligi akafuta mikono, akakaa kitini, akanyoosha miguu.

Mlango ukagongwa.

"Nani?" akauliza.

"Darryl."

"Darryl gani?"

"Darryl Marusich. Hodi, Bi Makani."

Ligi akavuta pumzi ya nyumba yake.

"Karibu," akaita, kwa sauti iliyofika mtaa wa pili. "Karibu kwangu!"