Barua ya Siku Thelathini na Moja

Koti lake jeupe lilining'inia kwenye msumari wake, hatua tatu tu kutoka alipokaa, na hakuruhusiwa kulivaa. Asubuhi hiyo ya Jumatatu Bi Dakika alikuwa kwenye kiti cha wageni cha maabara ya maji, mkoba mapajani, kama mtu aliyekuja kuulizia kazi. Alikuwa amekuja kurudisha ufunguo. Jina hilo la Dakika alibandikwa na wenzake kwa sababu hakuwa na mchezo na saa: maji ya kupimwa vijidudu yakizidisha saa ishirini na nne tangu kutekwa, kwake yalimwagwa, hata ungepiga magoti.

Kibali chake cha kazi kilikwisha Ijumaa. Alikuja nchi ile kusoma, akahitimu, akapewa mwaka mmoja wa kufanya kazi, na sheria iliruhusu aongezewe miwili. Aliomba mapema. Tena mapema kupita kiasi, maana barua ya mwajiri ndiyo aliyoitafuta kwanza kabisa, akaitia kwenye bahasha hata wino haujakauka vizuri, ndipo akakaa kusubiri cheti cha chuo. Cheti nacho kikaja kwa kujivuta. Faili lilipofika Uhamiaji, barua ilikuwa na siku thelathini na moja, na sheria ilitaka isizidi thelathini. Walimrudishia kila kitu na karatasi yenye mistari miwili. Ombi jipya alilipeleka siku ileile, na mpaka leo lilikuwa "linashughulikiwa". Mkuu wa maabara aliahidi kumshikia nafasi hadi mwisho wa mwezi. Zilibaki siku tisa.

"Kwani ulichelewa, mwanangu?" mama yake alikuwa amemuuliza kwenye simu.

"Hapana, mama. Niliwahi."

"Sasa kuwahi nako kumekuwa kosa?"

Hasira hakuwa nayo. Hasira inataka mtu wa kukasirikiwa, na huyo aliyeandika ile mistari miwili alifanya kama ambavyo yeye mwenyewe angefanya.

Saa tatu na dakika ishirini mlango ulisukumwa, akaingia dereva anayeleta maji ya visima, kisanduku cha barafu amekikumbatia kifuani.

"Afadhali nimekukuta!" alisema akihema. "Maji ya kisima cha shule haya. Niliyateka jana, saa nne kasoro dakika kumi. Leo nimewahi, usinitimue kama siku ile."

Siku ile Bi Dakika alimrudisha kwa kuchelewa dakika kumi na moja. Alimwambia, bila hata kuinua macho, kwamba vijidudu havisikilizi visingizio.

"Siwezi kuyapokea," alisema. "Kibali changu kimekwisha. Mkuu yuko njiani."

Dereva alimtazama, akalitazama koti. "Lakini si uko hapahapa?"

"Niko."

"Na mikono ni ileile."

"Ileile."

Mhudumu wa mapokezi, ambaye kupima maji hajui, alimpigia Mkuu simu na kuipaza sauti. Gari lake lilikuwa limekwama darajani. "Asiguse kitu," Mkuu alisema, wala si kwa ukali. "Uhamiaji wakisikia, kibali hatakiona tena, na sisi tutafungiwa. Nakuja."

Basi wakabaki watatu, macho kwenye saa ya ukutani. Kazi yenyewe ilikuwa ya dakika tano: kufungua chupa, kuchuja, kutia kwenye kabati la joto. Vidole vya Bi Dakika vilianza kuchezacheza juu ya mkoba, akavikalia. Mabomba ya shule yamefungwa kusubiri majibu, dereva alieleza. Watoto wanabeba maji kutoka makwao. Aliyasema hayo kwa upole, na upole ule ulimuuma kuliko kutukanwa.

Saa nne kasoro dakika kumi ikafika. Ikapita. Mkuu alikuwa bado darajani.

Mhudumu alivuta daftari. "Niandike nini?"

"Andika, muda umepita." Bi Dakika alinyoosha kidole kwenye daftari. "Weka na dakika."

"Ngapi?"

"Nne."

Dereva alifunga kisanduku chake. Hakumlaumu mtu. "Nitateka mengine leo jioni," alisema. "Kesho mtanikuta mlangoni kabla hamjafungua. Utanipokea wewe?"

Bi Dakika alilitazama koti, akaitazama saa.

"Njoo mapema," alisema. Kisha, polepole, akaongeza, "Ila usije mapema mno."

Dereva akacheka, akidhani anataniwa, akatoka na maji yake. Bi Dakika alibaki ameushika ufunguo, na mhudumu alipomnyooshea mkono kuupokea, yeye hakumwona.