Saa Moja na Robo Hadi Bamako

Kwa miaka minne Assitan Traoré aliwaambia wenzake wa Conakry kwamba kwao Bamako ni hapo tu, kilomita kama mia saba, ndege saa moja na robo. Na kwa kuwa ni hapo tu, hakwenda. Aliye Paris hupanga safari. Aliye jirani, kila siku husema wiki ijayo.

Jumanne alfajiri mdogo wake Sidiki akapiga simu. Mama amefariki.

"Tunazika adhuhuri, dada. Watu wameanza kujaa."

"Msimzike bila mimi! Nataka nimwone uso. Ni saa moja na robo tu, Sidiki."

"Basi njoo mbio. Nitawaomba wasubiri."

Uwanja wa ndege, kijana wa tiketi aliisoma pasi yake akachangamka. Yeye ni Diarra, na Diarra na Traoré ni watani tangu enzi za mababu.

"Loo, Traoré! Mtumwa wangu, mla kunde! Nani kakuruhusu upande ndege?"

Siku nyingine angemrudishia maradufu. "Nimefiwa na mama," alisema.

Diarra akashusha sauti. "Ya moja kwa moja leo hakuna. Utapitia Abidjan, ukae pale hadi jioni. Bamako utafika saa tatu usiku."

"Lakini ni saa moja na robo!"

"Kwenye ramani. Sikia, mtumwa wangu, wapigie sasa hivi wazike."

Akapiga. Nyuma ya Sidiki watu walikuwa wakisoma Kurani. Ukweli ulikuwa mdomoni kabisa, ila aibu ya miaka minne ya kutokwenda ikaurudisha.

"Ndiyo napanda," akasema.

"Mungu akulete salama. Nawaambia wote dada yuko hewani."

Alidanganya, hakuna namna ya kuupamba uongo huo. Na alipotua Abidjan hakuiwasha simu. Alikaa nayo mkononi saa nzima, ya pili, ya tatu, akiogopa kile kidude kuliko alivyoogopa kifo chenyewe. Aliiwasha jua likizama, akapiga.

"Tumemaliza," Sidiki alisema. Hakufoka. Afadhali angefoka.

"Sidiki, nisamehe, ndege..."

"Adhuhuri barabara nzima ilikuwa imejaa, dada. Wauza vitambaa wenzake Mama walifunga vibanda, wakaja na waume zao. Imamu akasema tuswali. Mimi nikasema hapana, dada yangu anakaribia. Wakangoja juani. Nikakupigia, kimya. Alasiri kukawa na maziko mengine mtaa wa pili, wakaanza kuondoka. Halafu mvua."

"Mlibaki wangapi?"

Assitan alimsikia akivuta kamasi.

"Mama kapikia misiba ya mtaa huu tangu sijazaliwa. Hakuna nyumba ambayo hajainjika sufuria. Tumemswalia watu tisa, dada. Tisa, na mmoja ni dereva wa gari la maiti, nilimwomba ashuke tuongeze safu."

Assitan akakaa sakafuni, katikati ya mizigo ya watu, akalia kwa sauti. Hakumlilia mama peke yake. Alijichukia. Uso aliotaka kuuona hakuuona, na umati uliokuja kumsindikiza mama yake aliutawanya yeye.